Nilimtafuta babu Mgiriki kwa njia ileile wanayotafutia wauaji

Mama yangu kazaliwa 1957 kwenye kambi ya shamba la mkonge nje ya Tanga, na mpaka leo kuna wazee pale wanamwita mtoto wa Mgiriki. Jina la huyo Mgiriki hakuna aliyekuwa nalo. Bibi akiulizwa alikuwa anasema "alishaondoka" alafu anaendelea kukuna nazi, na alipofariki jina likaenda nae. Mama kalelewa na mume wa bibi, Mdigo, huyo ndo babu yangu na ntamwita babu mpaka naingia kaburini, ila mama alikuwa na swali lake moyoni miaka yote na mimi mtoto wake wa kwanza nlikuwa naliona.

Mimi naishi Boise, Idaho, nlikuja kusoma nikabaki. April 2018 nipo zamu ya usiku nikasikia kwenye redio kwamba California wamemkamata Joseph DeAngelo, mzee wa miaka 72, polisi wa zamani, kwa mauaji ya miaka ya 70 na 80, mwisho wa siku alikuja kukiri watu 13. Kilichonishika mimi ni namna walivyomfikia. DNA ya muuaji walikuwa nayo miaka mingi, jina ndo hawana. Mpelelezi Paul Holes akashirikiana na Barbara Rae-Venter, mwanasheria mstaafu aliyekuwa anawasaidia watu waliolelewa bila kuwajua wazazi wao, wakaiingiza ile DNA kwenye GEDmatch, sehemu ambayo raia wa kawaida wanaweka deta zao kutafuta ndugu. Muuaji mwenyewe hakuwemo, ila ndugu zake wa mbali walikuwemo, wakapanda mpaka kwa mababu wa pamoja wa karne ya 19, wakaanza kushuka tawi kwa tawi hadi kwa wanaume wa umri ule waliokuwa wanaishi maeneo yale.

Nikasimama pale na toroli mkononi. Polisi wana damu hawana jina, na mama yangu ana damu hana jina, tena kumbe hiyo njia polisi wameichukua kwa watu kama mama yangu, hawakuibuni wao.

Desemba nikanunua kipimo. Unatema mate kwenye kichupa, nusu saa kabla usile wala usinywe kitu, unatuma kwa posta, majibu nlipata baada ya wiki sita hivi. Kwetu Tanzania ukisema DNA watu wanawaza Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi za nani baba wa mtoto, hii ni tofauti kidogo. Kipimo cha polisi hapa Marekani kinaangalia sehemu 20 tu za DNA, zinatosha kusema huyu ndiye au siye, basi. Hivi vya nasaba vinasoma sehemu zaidi ya laki sita, ndo maana vinaweza kuona hata binamu wa tatu ambaye hujawahi kumsikia. Wanahesabu kwa sentimogani, yaani kiasi cha DNA mnachoshea. Mzazi na mtoto wanashea kama 3,400, binamu wa kwanza kama 870, ukienda kwa mtoto wa binamu inashuka nusu, binamu wa tatu unakuta 70 na kitu na wengine hawashei kabisa. Hizo namba nliziandika kwenye karatasi nikabandika kwenye friji mpaka zikaniingia kichwani.

Majibu yangu: robo Ugiriki na Balkani. Kwa hiyo mtaa haukudanganya. Lakini orodha ya ndugu ilinishangaza, upande wa Kigiriki nlikuwa na watu wengi mno, Melbourne, Chicago, Athens, na upande wa Tanga wote, Wadigo na Wasambaa na ukoo mzima wa baba, nikapata watu wachache sana tena wa mbali mbali. Sababu ni kwamba wanaopima wengi ni wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2018 kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Science, walisema mtu mwenye asili ya Ulaya akitafutwa kwenye hazina ya watu milioni 1.28, mara 60 kati ya 100 anapatikana binamu wa tatu au wa karibu zaidi. Sisi hatufiki huko hata kidogo, na hilo linaniuma kwa sababu maana yake aliyeuliwa na mtu mwenye ukoo kama wangu kesi yake ina nafasi ndogo ya kupata jibu kwa njia hii.

Nikapakua deta zangu nikaziweka na mimi GEDmatch. Alafu May 2019 mambo mawili yakatokea mwezi mmoja. La kwanza, GEDmatch wakabadilisha masharti, watu wote wakatolewa kwenye utafutaji wa polisi mpaka mwenyewe uingie uweke tiki kwamba umekubali. La pili likatokea hapa hapa kwetu Idaho.

Angie Dodge alikuwa binti wa miaka 18, akauliwa nyumbani kwake Idaho Falls Juni 1996. Polisi wakamkamata kijana anaitwa Christopher Tapp, wakamhoji masaa na masaa mpaka akakiri, akafungwa 1998, wakati DNA iliyokutwa pale haikuwa yake. Sasa mama yake Angie, Carol Dodge, alianza akiamini huyo kijana ndo kamuua mwanae, akaja kuangalia mwenyewe rekodi za yale mahojiano, akaona hapana. Akaanza kumpigania. Mama wa marehemu anampigania aliyefungwa kwa kumuua mwanae! Tapp alitoka 2017 lakini hukumu ya mauaji ikabaki kwenye jina lake. Hatimaye ile DNA ikapelekwa kwa CeCe Moore, mtaalamu wa nasaba, akajenga mti wa ukoo ukaishia kwa Brian Dripps, ambae 1996 alikuwa anaishi mkabala na nyumba ya Angie. Alikuwa sasa anakaa Caldwell, nusu saa tu kwa gari kutoka ninapoishi. Polisi wakamfatilia, akatupa kipisi cha sigara, wakakiokota wakapima, ikalingana. Julai 2019 Tapp akafutiwa kesi, miaka ishirini na ushee baada ya kukamatwa.

Usiku niliosoma hiyo habari nlifungua akaunti yangu nikakaa naangalia kile kisanduku cha tiki mda mrefu. Kuna upande wa pili wa kesi hiyohiyo na naomba msiuruke. Mwaka 2014, kabla ya njia hii, polisi walitafuta kwa DNA ya ukoo wa kiumeni tu, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, wakaangukia kwa mtengeneza filamu mmoja wa New Orleans kwa sababu baba yake zamani alitoa DNA kwa utafiti wa nasaba. Wakamhoji, wakachukua mate yake, akakaa wiki kadhaa na wingu hilo kichwani mpaka majibu yakatoka kwamba siye. Yeye hakutia saini popote. Baba yake ndo alitia.

Kwa hiyo swali langu likawa, hii tiki ni ya kwangu peke yangu kweli? Nikimpa polisi damu yangu nimempa ya mama, ya wajomba, ya watoto wa mama mdogo walioko Muscat. Sikuweka. Nikasubiri mama aje.

Mama alikuja Julai hiyohiyo. Akatema mate jikoni kwangu, akafunga kizibo mwenyewe kwa makini kama anafunga dawa ya mtoto. Jioni nikamweleza kisa cha Idaho Falls chote, upande huu na upande ule. Akauliza, "Huyo mama aliyefiwa ndo alimpigania aliyefungwa?" Nikamwambia ndio mama, miaka. Akanyamaza sana, alafu akasema, "Basi niwekee. Kama ni mwanangu kaua mtu, mwenzangu kule nae ana mwanae."

Ila nikamwomba tumpigie mama mdogo kwanza, na hapo ndo nlijifunza. Mama mdogo ni mtoto wa bibi na babu Mdigo, kwa hiyo wao mama mmoja baba tofauti. Kasikiliza mpaka mwisho, alafu akasema, "Dada, mate ni yako, lakini mama yetu ni mmoja." Akasema yeye hana mtoto mhalifu na haogopi hilo, anaogopa siku moja mwanae kagongewa mlango nchi ya watu kwa kosa asilolijua, kama yule wa New Orleans, na nani atamtetea huko. Mimi sikuwa na jibu la kumtoa wasiwasi. Nlimweleza masharti, kwamba ni kesi za kumwaga damu na ubakaji na mfano wa hayo, kwamba mti wa ukoo unaleta fununu tu na lazima wapime DNA ya mtu mwenyewe kabla ya kumfikisha mahakamani. Akasema sawa, amesikia, na jibu lake ni hapana. Mama akaniangalia akasema tuache. Tukaacha.

Majibu ya mama yakatoka Septemba. Hapa nasisitiza kwa yeyote anaetafuta, mpime mtu mkubwa wa ukoo mapema wakati yupo, kizazi kimoja juu kinakuongezea nguvu mara mbili. Ndugu mmoja wa Melbourne alikuwa kwangu sentimogani 209, kwa mama akatokea 431. Nikachukua orodha ya watu wote wa mama kuanzia 90 mpaka 400 hivi nikawapanga kwa rangi kwenye kompyuta, anayeshea na fulani rangi hii, asiyeshea rangi nyingine, hiyo njia aliianzisha Dana Leeds 2018 na haihitaji uwe mtaalamu. Upande wa Kigiriki zikatoka rangi mbili safi, kwa mama yake huyo babu na kwa baba yake. Yule wa Melbourne na binti mmoja wa Chicago walikuwa wameweka miti yao wazi, ikakutana kwa mume na mke mmoja kwenye kisiwa kimoja cha Ugiriki.

Hao mume na mke walizaa watoto saba, wa kiume watano. Kazi ikawa ya kuchuja, nani alikuwa wapi mwaka 1956. Mmoja alifia vitani, mmoja hakutoka kisiwani, mmoja alikuwa Misri. Wakabaki wawili na wote wawili walipita Tanganyika kwenye mkonge. Hapo nlikaa miezi. DNA ya binamu haiwezi kukuambia ni ndugu yupi kati ya wawili wa tumbo moja, unahitaji mtu wa uzao wa mmojawapo.

Polisi wakifika hapo wanaenda kuokota. Kwa DeAngelo walichukua kwenye kitasa cha mlango wa gari na tishu kwenye takataka, kwa Dripps kile kipisi. Mimi nlitakiwa kuomba, na kuomba ndo kulikuwa kugumu kuliko sayansi yote. Yule wa Melbourne nlimwandikia mara ya kwanza barua ndefu yenye kila kitu, wiki tano kimya. Mara ya pili nikaandika sentensi tatu: mama yangu kazaliwa Tanga 1957, DNA inaonyesha sisi ni ndugu, hatutafuti mali wala lawama tunatafuta jina. Akajibu siku ileile. Kumbe nyumbani kwao kulikuwa na stori ya mtoto Afrika, watu walikuwa wanaisemea chini chini.

Yeye ndo akatuunganisha na mjukuu wa mmoja wa wale wawili, dada mmoja yuko Athens. Nlimwambia wazi kabla hajakubali, nikamwambia na habari ya tiki ya polisi, kwamba ni hiari yake na hatuna haja nayo. Corona ikachelewesha, majibu yakaja mwanzoni mwa 2021. Kama babu ni yule ndugu mwingine, huyu dada kwa mama angekuwa mtoto wa binamu, kama 430. Kama babu ni babu yake, basi ni mtoto wa ndugu yake mama, wa baba mmoja mama tofauti, kama 870. Ikaja 893.

Nlimpigia mama, Tanga ilikuwa karibu alfajiri, nikamtajia jina. Akalirudia mara tatu polepole ili asilikosee. Alikuwa ameshafariki huyo mzee, 1988. Dada wa Athens akatuma picha yake amesimama mbele ya lori na mafungu ya mkonge nyuma, mama kaiweka kwenye fremu sebuleni pembeni ya babu Mdigo, wote wawili.

Mimi tiki yangu niliiweka mwaka huohuo, baada ya kumwambia mama mdogo kwamba kwa yangu naomba aniruhusu, damu yake kwangu ni nusu ya ile ya mama. Alisema nikiwa nimemuuliza kabla basi hana kinyongo. Julai 2025 Bryan Kohberger aliposimama mahakamani hapa Boise akakiri kuwaua wale wanafunzi wanne wa mji wa Moscow, huku huku Idaho, mama alipiga kuuliza kama ni njia ileile, nikamwambia na hiyo ilikuwemo, walianza na DNA kwenye ala ya kisu. Akaniuliza kama kipimo chake bado hakina tiki. Hakina. Akasema atampitia mdogo wake Ijumaa waongee tena, wakipika.