Kanzidata ya vipepeo huanzia kwenye lebo

Ukitafuta neno "nondo" mtandaoni ukiwa Dar, utaletewa bei za vyuma vya kujengea kabla hujamwona mdudu hata mmoja. Kipepeo naye Kiswahili kimempa jina moja kwa wote, awe yule mkubwa mweusi na manjano anayetaga kwenye mndimu wa uani, au kale kadogo ka buluu kanakorukaruka juu ya majani ya njia ya Pugu. Kwa hiyo anayejenga kanzidata ya vipepeo hana budi kutumia majina ya kisayansi, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanayafanya majina kuwa nguzo ya kazi yote.

Majina yanahama. Mtazame yule mweusi mwenye doa la buluu kwenye kila bawa la nyuma, anayeota jua kwenye njia za mchanga. Linnaeus, mwanasayansi Mswidi, alimwita Papilio oenone mwaka 1758. Lebo nyingi za karne ya 20, yaani vile vikaratasi vinavyokaa kwenye pini ya mdudu aliyehifadhiwa, zinamwita Precis oenone. Leo ni Junonia oenone (Linnaeus, 1758), na mabano hayo si pambo: yanasema kwamba aliyempa jina alimweka kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) nyingine. Yule wa mndimu, Papilio demodocus Esper, hana mabano kwa sababu bado yuko kwenye jenasi aliyowekwa mwanzo. Ukiweka mabano kila mahali ili orodha ipendeze, umefuta taarifa.

Kinyume chake kipo pia, jina moja likafunika spishi mbili. Jike la Hypolimnas misippus humwiga Danaus chrysippus, ambaye ndege humkwepa kwa sumu yake, na anawadanganya watu vilevile. Angalia bawa la nyuma. Chrysippus ana madoa meusi matatu au manne katikati. Misippus ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Droo iliyoandikwa chrysippus ikaguliwe pini kwa pini kabla ya kuingizwa kokote.

Ndiyo maana msingi uwe kielelezo chenyewe, yaani mdudu mmoja kwenye pini moja, pamoja na lebo zake. Kila kimoja kipewe namba isiyobadilika kamwe, mathalani DSM-LEP-000123, iliyochapwa pamoja na msimbo wa QR kwenye karatasi isiyo na asidi. Namba isibebe jina la spishi wala namba ya droo, maana vyote viwili vitabadilika. Halafu tenganisha majedwali: la vielelezo, la matukio ya ukusanyaji (wapi, lini, nani), la majina, la spishi, la picha, na la utambuzi. Hili la mwisho ndilo watu hulisahau. Kila safu yake inasema: kielelezo hiki, mtu fulani, tarehe fulani, alikiita hivi. Mtaalamu mwingine akija na jina tofauti, unaongeza safu mpya na kuiwekea alama kuwa ndiyo inayotumika sasa. Ya zamani haifutwi. Programu ya kanzidata ya PostgreSQL yenye kiongezi cha ramani cha PostGIS inatosha kabisa kwa kazi hii, na ni ya bure.

Orodha ya spishi za dunia, ambazo zinakaribia 19,000, usiichape upya. Ipakue kutoka Catalogue of Life, orodha ya kimataifa ya viumbe iliyo mtandaoni, uhifadhi na toleo lake, kisha ioanishe na majina yako. Anayekaa miezi kuchapa majina ya vipepeo wa Amazon akiwa Sinza, huku droo za vipepeo wa Uluguru hazijaguswa, amekosea kupanga kazi.

Sasa lebo. Iandike kama ilivyo, makosa yakiwemo, kwenye uga wake. Tafsiri yako iende uga mwingine. Lebo za enzi za Wajerumani zina "Daressalam", "Mrogoro", "Wilhelmstal" ambayo ni Lushoto, na "Neu-Langenburg" ambayo ni Tukuyu. Tarehe mara nyingi huwa na mwezi kwa namba za Kirumi: 12.iv.1910 ni tarehe 12 Aprili. Hiyo ni rahisi. Shida ni 4/12/1910, ambayo kwa Mmarekani ni Aprili na kwa Mwingereza ni Desemba. Kama huna ushahidi wa aliyeiandika, jaza mwaka 1910 peke yake.

Excel ina mitego miwili hapa. Kalenda yake inaanza 1900, kwa hiyo tarehe ya 1894 inabaki maandishi na haipangiki na nyingine. Na ukiburuta seli yenye "12.iv.1910" kwenda chini ili kunakili, inakuletea 1911, 1912, 1913, na hakuna onyo lolote. Tengeneza seli za tarehe ziwe maandishi tangu mwanzo, na nakili kwa kubandika, si kwa kuburuta.

Majiranukta (latitudo na longitudo) yana vituko vyake, na ramani huvifichua haraka. Dar iko karibu na -6.80, 39.28. Ukisahau alama ya kutoa, kipepeo wako anatua Ethiopia. Ukibadilisha nafasi za namba hizo mbili, anatua magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Seli tupu zikisomwa kama sifuri, kundi zima linaelea Ghuba ya Guinea. Kosa gumu kuliona ni la dakika: 6°48' si 6.48, ni 48 ugawe kwa 60, yaani 6.80. Tofauti hiyo ni kama kilomita 35, na kwa Dar inatosha kumwangusha kipepeo baharini. Vilevile ramani za zamani za nchi hii zinatumia mfumo wa majiranukta wa Arc 1960 wakati simu yako inatumia ule wa WGS84. Ukichanganya, nukta husogea takriban mita 300. Kwa msitu mdogo kama wa Pugu, mita 300 zinaweza kumtoa mdudu msituni na kumpeleka shambani.

Lebo isemayo "Daressalam" tu usiipe nukta yenye desimali sita. Mkusanyaji wa 1910 huenda alimaanisha mji, huenda alimaanisha siku nzima ya kutembea kuuzunguka. Weka nukta ya mji wa zamani na duara la shaka la kilomita 10 au zaidi.

Picha: mabawa kwa juu, mabawa kwa chini, na lebo zote zikiwa zimepangwa kwa mfuatano zilivyokaa kwenye pini. Lenzi ya makro ya mm 100, f/8 hadi f/11, ISO 100, kipimo cha mm 10 ndani ya fremu. Toa lebo kwa koleo dogo huku umeshika pini, si mwili. Vipapasio huvunjika kwa mguso tu. Pini yenye kutu ya kijani isilazimishwe. Kielelezo kimoja kikichukua dakika 6, kwa siku ya saa sita ni 60, na vielelezo 5,000 ni kama siku 84 za kazi. Picha tatu kwa kila kimoja ni 15,000. Faili ghafi za MB 30 zitakula GB 450. Nunua diski mbili za TB 1 na uziweke majengo tofauti. Zinazopanda mtandaoni ziwe JPEG tu, la sivyo bando litaisha kabla ya droo ya kwanza.

Unyevu wa Dar ni adui mkubwa kuliko programu yoyote. Wakati wa masika ukungu hushika mabawa, na vibuu vya mbawakavu wa makumbusho hula mwili mpaka libaki vumbi chini ya pini. Funga boksi ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi -20 kwa wiki mbili, kisha liache nje saa 24 kabla ya kulifungua, vinginevyo maji hujitonesha kwenye mabawa. Jeli ya silika ndiyo ya kuweka ndani. Vidonge vya naftalini havifai: vina madhara kwa afya yako.

Kuchapisha ni hatua fupi kuliko watu wanavyodhani. Majina ya safuwima yafuate Darwin Core, kiwango cha kimataifa cha data za viumbe, kisha data ipelekwe GBIF, hifadhi ya dunia ya data hizo, kupitia TanBIF, tawi lake la Tanzania lililo chini ya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Leseni za Creative Commons zinazokubalika huko ni tatu: CC0, CC BY na CC BY-NC. Kwa spishi adimu zinazotafutwa na wafanyabiashara, punguza majiranukta hadi desimali moja, kama kilomita 11, na useme wazi kuwa umepunguza.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha, chagua safu 20 kwa bahati nasibu, nenda na orodha kwenye droo, ulinganishe kila moja na lebo yake. Zikipatikana zenye makosa zaidi ya moja, rudia ukaguzi kwa boksi zima zilikotoka, kwa sababu makosa ya kuchapa hutembea kwa makundi: aliyechoka saa tisa alasiri hakukosea safu moja.