Hatimaye nyuzi zimeshuka toni nzima: kumbukumbu ya mradi wangu wa Creedence

Jana saa nne usiku Bad Moon Rising, wimbo wa bendi ya roki ya Marekani Creedence Clearwater Revival, imekaa. Nimeipiga sambamba na rekodi tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza nikashindwa kutofautisha gitaa langu na la John Fogerty, mwimbaji na mpiga gitaa wao. Nikairudia mara sita, kisha nikakaa kimya kidogo. Wiki 11 nimeisubiri sauti hii.

Mradi wenyewe mnaujua: kupitia kazi zote za Creedence Clearwater Revival kwa gitaa, albamu kwa albamu, kwa mpangilio ule ule waliozitoa. Albamu 7, kuanzia 1968 hadi 1972. Nilijipangia mwezi mmoja kwa kila albamu. Ya kwanza niliimaliza kwa wakati, hata ile Suzie Q ya dakika nane na zaidi. Bayou Country nayo ikaenda. Nikafika Green River, na hapo nikakwama kwenye Bad Moon Rising, wimbo wa kodi tatu (kodi hapa ni chords, noti zinazopigwa pamoja).

Ndiyo, kodi tatu. D, A, G. Kila anayeanza gitaa anaupiga ndani ya mwezi, na ukiimba juu yake watu wanaitikia. Mimi shida yangu haikuwa kodi, ilikuwa uzito. Kwenye rekodi ile D ya mwanzo ina mngurumo wa chini ambao gitaa langu halikuwa nao. D ya kawaida inaanzia uzi wa nne. Nyuzi mbili nene za juu yake hazina kazi kubwa hapo. Lakini kwenye rekodi unasikia kabisa uzi mnene uliopigwa wazi, ukitetemeka kwa raha zake. Nilibadilisha ampu, nikaongeza besi, nikabadilisha piki, nikapiga karibu na shingo, nikapiga karibu na daraja, pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini mwa gitaa. Wapi. Nilishusha uzi wa sita peke yake hadi D, nikapata mngurumo lakini vidole vikakosa njia: vile vipande vidogo anavyopachika kati ya kodi havikukaa popote.

Jibu lilikuwa kwamba Fogerty hapigi D kabisa. Kwenye gitaa lake jeusi la Les Paul Custom alishusha nyuzi zote sita kwa toni nzima (sawa na freti mbili, zile pau za chuma shingoni), halafu akapiga kama yuko kwenye E. Mkono unaona E, B, A. Sikio linasikia D, A, G. Nilipoelewa hivyo nilichukua gitaa nikaweka mkono kwenye E, na vile vipande vyote vilivyonitesa vikawa chini ya vidole, kila kimoja mahali pake. Kapo, kile kibano cha shingoni, haiwezi kukusaidia hapa, kwa sababu kapo inapandisha tu.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza naanza.

Gitaa langu ni la umbo la Stratocaster, lenye daraja linaloelea. Nyuzi zinavuta upande mmoja, springi za nyuma zinavuta upande wa pili, na amani ipo pale nguvu zinapolingana. Ukiushusha uzi wa sita, springi zinashinda, daraja linalala, na nyuzi nyingine tano zinapanda. Unashusha wa tano, wa sita unapanda tena. Unafika wa kwanza, unarudi kwenye wa sita unakuta umekimbia. Nilizunguka hivyo jioni nzima kwa tyuna (kipima noti) mkononi. Na zilipokaribia kutulia, daraja lilikuwa limelala mpaka nyuzi zinagonga freti na kulia kama nzi ndani ya chupa.

Nikalegeza zile skrubu mbili zinazoshika springi. Afadhali, lakini kila nikivuta uzi kwenye solo, zote zinaponyoka. Siku ya nne ya ugomvi huu niliomba kipande cha mpingo kwa jamaa anayechonga vinyago, nikakipiga msasa taratibu hadi kikaingia kwa kubana kati ya kile chuma cha chini ya daraja na ukuta wa shimo, upande wa springi. Nikakaza springi. Daraja likawa halina pa kwenda. Nimepoteza ule mkono wa kutikisa sauti na sijuti hata kidogo. Daraja linaloelea kwa mtu anayebadilisha tyuni mara kwa mara ni mateso, na sijui kwa nini magitaa mengi ya bei ya chini yanakuja nalo.

Nyuzi nazo. Nilikuwa natumia unene wa namba 10. Ukishusha toni nzima, mvuto unapungua kwa takriban asilimia 20, na uzi unakuwa kama ndizi mbivu. Nimeweka namba 11 na mvuto umerudi karibu pale pale. Ila uzi mnene ulinasa kwenye mfereji wake kule juu ya shingo, ukiukaza unalia tik kisha unaruka noti. Risasi ya penseli ndani ya mfereji imemaliza hilo. Tyuna ya simu nimeiacha. Kwenye D ya chini inababaika, wakati ile ya kubana kwenye kichwa cha gitaa inasoma mtetemo wenyewe na haibabaiki.

Katika wiki hizi 11 nimewaheshimu zaidi hawa vijana wa El Cerrito, California. Mwaka 1969 pekee walitoa albamu 3. Walikuwa wanafanya mazoezi kama watu wa zamu, ndiyo maana sehemu yao ya mazoezi kule Berkeley ikaitwa Cosmo's Factory, kwa jina la utani la Doug Clifford mpiga ngoma. Singo zao tano zilifika namba 2 kwenye chati ya Billboard, na hakuna hata moja iliyofika namba 1. Inaniuma mpaka leo. Bad Moon Rising ni mojawapo. Waingereza angalau waliiweka namba 1.

Sasa nilipaswa kuendelea na albamu ya nne, Willy and the Poor Boys. Sijaendelea. Kwa kuwa gitaa liko kwenye D, nikajaribu Run Through the Jungle, wimbo wao wa 1970, na ikaketi yenyewe. Hapo nikakumbuka kesi.

Bendi ilipovunjika 1972, Fogerty alibaki amefungwa na mkataba wa Fantasy, kampuni yao ya rekodi, na ili atoke akaachia mapato yake ya nyimbo alizozitunga mwenyewe. Mwishoni mwa 1984 akatoa The Old Man Down the Road. Fantasy wakamshtaki kwamba ni Run Through the Jungle yenye maneno mapya. Yaani mtu ameshtakiwa kwa kufanana na yeye mwenyewe! Mwaka 1988 huko San Francisco alipanda kizimbani na gitaa, akawaonyesha jinsi anavyotunga, na jopo likampa ushindi. Suala la gharama za mawakili likafika hadi Mahakama ya Juu, na 1994 akashinda na hapo. Sehemu kubwa ya haki za nyimbo zake za Creedence alikuja kuipata Januari 2023, akiwa na miaka 77.

Kwa hiyo tangu asubuhi niko na nyimbo hizo mbili. Nimezirekodi kwa gitaa moja, ampu moja, nikazisikiliza moja baada ya nyingine. Mkono ni ule ule: jinsi anavyouacha uzi wa chini ulie, jinsi anavyokatisha kodi kabla haijaisha. Lakini nyimbo ni mbili. Run Through the Jungle inabaki mahali pamoja, inazunguka juu ya kodi moja na giza lake, wakati ile ya 1984 inaongozwa na kile kipande cha gitaa kinachojirudia na kuisukuma mbele. Vidole vyangu vinajua tofauti hiyo hata nikifumba macho.

Albamu ya Pendulum na vinanda vyake itasubiri. Run Through the Jungle ina harmonika, aliipuliza Fogerty mwenyewe, nami sina. Jumamosi naenda kuitafuta.