Caravan yangu imerefuka

Hatimaye! Modeli yangu ya ndege ndogo ya Cessna 208 Caravan, kipimo cha 1:72, sasa ni 208B Grand Caravan, aina ninayopenda kuitazama ikitua uwanja wa Manda, Lamu. Tofauti kubwa ni urefu wa bodi: 208B imezidi kwa mita 1.2 hivi. Kwenye modeli hiyo ni milimita 17 tu, lakini zimenila wiki tatu!

Nilikata kwa msumeno mwembamba, roho juu juu, nikapachika kipande cha plastiki katikati. Kiungo kikaacha ufa kama uzi. Mjomba, fundi wa majahazi kule Matondoni, akaupitisha ukucha: "Hapa bado hujakalafati, mwanangu," yaani sijaziba ufa kama wazibavyo jahazi.

Nikajaza puti, nikapiga msasa wa maji, mara nne. Leo ukucha wake umeteleza bila kukwama. Kesho rangi nyeupe.