Siku moja na mstari wa kilodaltoni 16

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi niko stejini, baridi ya Nairobi inauma. Usiku umeme ulipotea mtaani kwetu, na njia nzima mawazo yangu yako kwenye friza ya maabara. Kingamwili tunazotumia, yaani protini zinazotambua na kushika protini fulani maalumu, huja kwa ndege zikiwa zimefungwa na barafu, na kichupa cha mikrolita 100 tulichonacho tulikisubiri wiki saba.

Saa moja na robo. Friza inasoma nyuzi 20 chini ya sifuri. Nashusha pumzi.

Kingamwili yenyewe ilitoka kwa sungura aliyechanjwa kipande cha protini ya binadamu iitwayo RPS19. Hiyo ni mojawapo ya protini 80 hivi zinazounda ribosomu, karakana ambamo seli hutengenezea protini zake. Mwaka 1999 jeni yake ilikuwa ya kwanza kuhusishwa na anemia ya Diamond-Blackfan, ambapo uboho wa mtoto hushindwa kutengeneza chembe nyekundu za damu. Kwa kawaida nakala moja ya jeni huharibika na nyingine hubaki nzima, kwa hiyo protini hupungua bila kwisha. Basi kingamwili isiyoweza kutofautisha nusu na nzima hainifai, hata ingekuwa na sifa gani kwenye karatasi ya muuzaji.

Saa mbili natoa utando kwenye chumba cha baridi: karatasi nyembamba iliyobeba protini za seli, zilizotenganishwa kwanza kwenye jeli kwa ukubwa wake. Umelala humo ukitikiswa polepole ndani ya kingamwili iliyozimuliwa mara 1,000. Nauosha mara tatu, dakika kumi kumi. Kisha kingamwili ya pili, ya mbuzi, inayoishika ile ya sungura na kubeba kimeng'enya cha kutoa mwanga. Saa nzima, halafu kuosha tena. Hapa sina haraka. Uchafu mwingi unaoonekana kwenye picha ni wa mtu aliyeosha kwa pupa.

Saa nne na nusu, kamera ya gizani. Safu tatu za kwanza ni seli za HeLa, seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabarani: mikrogramu 5, 10 na 20 za protini. Ya nne ni mikrogramu 20 za seli ambazo kwa siku tatu RPS19 ilikuwa imezimwa kwa vipande vifupi vya RNA. Mstari wa kilodaltoni 16 (kipimo cha uzito wa protini), ambao ndio uzito wa RPS19, unajitokeza, unanenepa kadiri protini inavyoongezeka, na kwenye safu ya nne umefifia kabisa. Nimefurahi mno. Lakini karibu na 35 kuna mstari mwingine mwembamba, na kwenye safu ya nne haujapungua hata kidogo. Huo si wetu.

Mchana ni chapati na ndengu, haraka.

Saa saba Daktari anaiangalia picha. "Si tuanze kesho kuitumia kingamwili hii kwenye seli chini ya darubini?"

"Daktari, naomba tusubiri. Kwenye jeli mistari miwili imeachana, naweza kuupima wa chini peke yake. Kwenye darubini yote itawaka pamoja, na hatutajua ipi ni RPS19."

Anakubali. Tunatafuta kingamwili nyingine, inayoshika sehemu tofauti ya protini hiyohiyo. Zikikubaliana, tutasonga mbele. Nasisitiza hivi kwa sababu mwaka juzi bechi mpya ya kingamwili nyingine ilinipa mstari mahali pasipo pake, na miezi mitatu ya vipimo ikaenda bure. Tangu siku hiyo kila bechi napima upya.

Saa nane naanza jeli ya asilimia 15. Mwanafunzi wa atachimenti ananiuliza, "Dada, mbona utando huu ni tofauti na wa juzi?" Namwonyesha matundu: mikromita 0.2 badala ya 0.45. Protini ndogo kama hii, ukizubaa wakati wa kuihamisha, hupenya utando na kupotelea upande wa pili. Tunaupaka rangi nyekundu ya Ponceau, inayoonyesha protini zilizohamia. Safu zote zimejaa sawasawa, hakuna mapovu. Anatabasamu; ni jeli yake ya kwanza.

Kisha utando unaloweshwa kwenye maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia tano, saa moja, ili kingamwili isinate ovyo. Halafu kingamwili.

Saa kumi na mbili kasoro kumi jioni nauweka utando kwenye chumba cha baridi, nawasha kitikisio, naandika namba ya bechi kwenye kifuniko. Nje mvua imeanza.