Mgahawa wa Kimeksiko: nusa tortilla kwanza

Kofia pana ukutani, muziki wa tarumbeta na jina la Kihispania mlangoni havikwambii lolote kuhusu chakula. Ukiingia mgahawa wa Kimeksiko hapa Marekani, agiza taco moja ya kawaida, na kabla hujaionja, inua tortilla, ile chapati nyembamba iliyobeba nyama, uinuse.

Tortilla ya mahindi haitoki kwenye unga kama wetu wa ugali. Mahindi makavu huchemshwa na chokaa ya chakula, kama gramu 10 kwa kila kilo, mpaka ganda litoke ukilisugua kwa vidole. Huachwa humo humo usiku kucha, kisha huoshwa na kusagwa yangali na unyevu wake. Donge linalopatikana ndilo masa. Kwenye kande, sisi ganda tunaliondoa kwa kinu. Wao huliondoa kwa chokaa, na chokaa hiyo hufanya makubwa zaidi: hulifanya donge lishikane, tena huifungua niasini, vitamini iliyomo kwenye mahindi, ambayo vinginevyo mwili huipata kwa shida. Mahindi yalivuka bahari kuja Afrika, ujuzi huu ukabaki. Ndiyo maana tortilla ya sembe hukatika mkononi hata uikande namna gani.

Tortilla njema hunukia mahindi ya kuchoma, na nyuma yake kuna harufu hafifu ya jiwe lililolowa. Ina madoa ya kahawia yasiyolingana, na ukiikunja haipasuki. Ikipasuka, ama imelala, ama haikupashwa moto vizuri, ama masa ilikosa maji. Jiko likiwa wazi, mtazame mpishi. Kidonge cha gramu 30 hivi hubanwa katikati ya plastiki mbili, huwekwa juu ya chuma kikavu chenye moto mkali, hugeuzwa baada ya sekunde 15 au 20, huachwa karibu dakika nzima, kisha hugeuzwa tena. Hapo inatakiwa ivimbe, maana pande zote mbili zimeshashika na mvuke umenaswa ndani. Isipovimba, mara nyingi chuma hakijashika moto au masa ni kavu. Unga wa masa wa pakiti si udanganyifu, hata Meksiko wanautumia sana, ila harufu yake ni pungufu.

Tortilla ya ngano nayo usiidharau. Katika majimbo ya Sonora na Chihuahua, kaskazini mwa Meksiko, ni chakula cha kila siku. Hata nachos, vipande vya tortilla vya kukaanga vyenye jibini, zilianzia mji wa Piedras Negras, upande wa Meksiko, ng'ambo tu ya mto kutoka Texas. Kwa hiyo mimi huuliza chakula ni cha jimbo gani. Jibini la njano lililoyeyuka, taco ya ganda gumu, nyama ya kusaga iliyojaa binzari nyembamba: hicho ni chakula cha Texas, kina historia yake na kinaweza kupikwa vizuri mno. Kosa ni kukiuza kwa jina la majimbo ya Meksiko kama Puebla au Oaxaca.

Salsa, yaani mchuzi wa pilipili, ionje peke yake. Ile nyekundu ya pilipili kavu, kama guajillo, huanza kwa kuzikaanga bila mafuta sekunde chache tu kila upande, kisha kuziloweka na kuzisaga. Zikiungua, salsa yote huwa chungu, na uchungu huo hukaa nyuma ya ulimi. Hakuna chumvi wala ndimu ya kuuondoa.

Al pastor ni shawarma iliyohamia Meksiko na wahamiaji wa Kilebanoni, ikageuka nyama ya nguruwe yenye pilipili na achiote, mbegu nyekundu ya kiungo. Tafuta mti wa nyama uliosimama mbele ya moto, ikikatwa mbele yako. Mti usipokuwepo, utaletewa vipande vya kukaanga kwenye chuma: huenda vikawa vitamu, lakini havina ile kingo iliyokaushwa na moto.

Asiyekula nguruwe asidhani kuchagua kuku kumemaliza kazi. Mafuta ya nguruwe huingia kwenye maharage ya kupondwa, kwenye tamales (masa iliyofungwa ndani ya majani na kupikwa kwa mvuke) na mara nyingi kwenye tortilla za ngano. Neno la kuuliza ni manteca. Tortilla ya mahindi kwa kawaida haina mafuta yoyote, lakini uliza pia kama chuma inakopashwa ndicho kinachokaangia nyama.