Nilienda Kwale kujifunza mboga, nikarudi na upupu shingoni

Wacha niseme ukweli, hii safari nilienda kwa sababu ya bahari. Rafiki yangu wa Kwale aliniambia kina mama wa kijijini kwao wana siku ya kutembeza watu vichakani wakiwaonyesha mboga za porini na miti ya dawa, kiingilio mia tano na chakula cha mchana humo humo, nikapiga hesabu nikaona Jumamosi mboga, Jumapili Diani. Treni sina la kusema. Feri ya Likoni kwa miguu ni bure, lakini ng'ambo makanga akaangalia begi langu akajua huyu ni wa Nairobi, nikalipa mia mbili hamsini na mama niliyekaa naye kiti kimoja akalipa mia. Bodaboda naye mia tatu, eti kwa sababu ya mchanga. Mchanga wenyewe sikuuona.

Mwalimu alikuwa bi mkubwa wa leso mbili, shikamoo, marahaba, haya twendeni. Akavunja kikonyo cha mtsunga, ndio mchunga huo, ukatoka utomvu mweupe kama maziwa, akanipa nitafune. Uchungu wake jamani! Wao huutumia kwa tumbo, na wakiupika wanachemsha kwanza wanamwaga maji, ndipo wanachanganya na mboga laini na tui la nazi. Mnavu niliujua, ni managu tu za soko letu. Kuna mtu akauliza habari ya mwarobaini, wenyewe wanauita mkilifi, akajibiwa huo asili yake Bara Hindi, "mgeni, lakini mgeni mwenye adabu."

Sasa hapo kwa ua wa shamba nikaona maganda yananing'inia, yana manyoya ya rangi ya dhahabu laini kama mahameli, nikayashika nipige picha. Halafu jua kali, nikajipangusa jasho shingoni kwa mkono ule ule. Upupu nimeusikia tangu utotoni, kuuona sikuwahi. Dakika moja haikuisha, nilikuwa naruka kama mbuzi aliyekanyaga siafu, navua shati mbele ya kina mama wa watu, na kila nikijikuna moto unahamia pengine. Bi mkubwa akapiga kelele, "Usijikune mwanangu! Maji usiguse!" Nikaketishwa nyuma ya jiko, wasichana wawili wananipaka majivu huku wamebana vicheko, halafu wakaleta donge la ugali baridi wakawa wanalibingirisha shingoni linase vile vinywele, bonge, tena bonge. Karibu saa nzima. Somo la mizizi ya dawa, ambalo ndilo nililolipia, likanipita hivi hivi nikilisikia kwa mbali. Mwanafunzi mmoja wa kilimo akaja kunipoza, eti mbegu za huo upupu zina levodopa, dawa ile ile wanayopewa wagonjwa wa Parkinson. Asante, lakini si wakati huo.

Chakula kikaja, wali na mboga tatu, moja wakasema ni mwangani. Nikaonja nikanyamaza. Nikaomba nionyeshwe mmea wenyewe: majani matano kama vidole vya mkono, shina linanata, harufu ile. Hii si tsisaka? Mamangu kule Kakamega huing'oa nyuma ya jiko na mimi nikiwa shule nilikuwa naisukuma kando ya sahani nikitaka sukuma wiki.

Jumapili bahari sikuingia, shingo ilikuwa bado inawaka na chumvi sikutaka kuijaribu. Nikaenda Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo, moja ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda, zilizoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Unafungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia na hata jani kavu hutoki nalo. Mikono niliiweka mfukoni muda wote, hakuna aliyehitaji kuniambia nisiguse.

Usiku kwa treni nikampigia mama. Alicheka upupu mpaka akakohoa, halafu akaniuliza, "Na hiyo tsisaka, umelipa ngapi kuonyeshwa?" Nikamwambia mia tano. Nauli sikuitaja.