Mapafu yalipona, kichwa kikachelewa

Hii stori nimekaa nayo muda mrefu, naandika leo kwa sababu wiki iliyopita jirani yangu kanipigia usiku analia, baba yake katolewa ICU, wodi ya mahututi, baada ya mafua makali yaliyogeuka nimonia, sasa yuko wodini anaongea vitu havieleweki, anamwita mke wake mwizi, na ndugu washaanza kunong'ona kwamba mzee katupiwa jambo. Nikamwambia dada tulia kwanza, nisikilize. Yaani nilijiona mimi mwenyewe wa mwaka 2021.

Mwezi wa saba mwaka ule mama mkubwa aliumwa. Si mnakumbuka hapa Dar tulivyokuwa tunasema "changamoto ya kupumua", jina lenyewe la ugonjwa, korona, watu hawataki kulitamka. Tulianza na nyungu, mwarobaini, mchaichai, shuka kichwani, siku ya nne akawa anaongea maneno matatu anapumzika. Tulivyofika hospitali kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni kikasoma asilimia 71, nesi akakitoa akakirudisha kidole kingine akidhani kibovu, na muda wote huo mama mkubwa amekaa kitini anatuuliza nani kabaki dukani. Oksijeni imeshuka hivo na mtu anaongea! Hiyo ndo hatari ya ule ugonjwa, mwili haukupi taarifa mapema. Wakamwekea maski, kesho yake maski ikashindwa, wakamlaza kwa dawa, wakapitisha mpira kooni, mashine ikaanza kumpumulia. Siku 11.

Sasa ili mnielewe lazima mjue mama mkubwa ni nani. Ameuza khanga na vitenge Kariakoo zaidi ya miaka 30. Ukimwambia doti 17 kwa 12,500, kabla hujatoa simu mfukoni ushaambiwa laki mbili na kumi na mbili na mia tano. Madeni ya wateja wote kichwani, hana daftari.

Alivyoamshwa tulifurahi, tukapika, tukashukuru Mungu. Alafu akaanza kuonyesha kwa kidole juu ya dari, siafu, siafu wanashuka. Kuna nesi mmoja akiingia tu yeye anajifunika uso, anatuambia kwa sauti iliyokauka, huyu anataka kuniuza. Siku mbili za hivo, kisha akanyamaza kabisa, anaangalia ukuta, ukimwita anachelewa kugeuka. Tukasema afadhali, katulia. Kumbe bado alikuwa humo humo. Madaktari wana jina lake, deliriamu, ni kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa sababu ubongo umezidiwa, na wale wanaochanganyikiwa kimya kimya ndo wanapitwa zaidi kwa sababu hawamsumbui mtu.

Kilichonifungua macho ni alichotusimulia nyumbani, wiki ya tatu. Anasema alitekwa, akapakiwa kwenye jahazi, likawa linapanda na kushuka, watu wamemfunga mikono, wanamwingiza maji kooni mpaka anakosa pumzi, na kengele inalia usiku kucha. Anasimulia huku anatetemeka. Nikamtafuta nesi mmoja aliyekuwa zamu kipindi kile, nikamweleza, akakaa kimya kidogo kisha akanipitisha kitu kimoja kimoja. Mikono ni kweli walimfunga kwa bandeji kitandani asije akauchomoa ule mpira. Jahazi ni godoro la upepo, linajaa na kupungua lenyewe mgonjwa asipate vidonda vya kulalia. Maji kooni ni pale wanapoingiza kamrija kwenye mpira kunyonya makohozi. Kengele ni mashine. Yaani hakuna alichotunga, ubongo wake ulikuwa unapokea vipande vipande kwenye usingizi wa dawa na kuviunganisha unavyojua wenyewe.

Mi sio daktari, ila tangu hapo nimesoma sana na nimeuliza sana. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, kwahiyo mapafu yakijaa wa kwanza kulia njaa ni huo. Alafu kirusi hakihitaji hata kufika kichwani. Mwili ukiwaka kupigana nacho, iwe korona iwe influenza kali, zile kemikali za vita zinazunguka kwenye damu, ule ukuta unaochuja vinavyoingia kwenye ubongo unaanza kuvuja, na kwenye korona damu nayo ilikuwa inaganda vidonge vidogo vidogo kwenye mishipa. Ongeza dawa za usingizi siku nenda siku rudi, taa haizimwi, usiku na mchana ni sawa, humwoni mtu unayemjua, waliopo wamejifunika uso mzima. Mashine siyo adui jamani, naomba nieleweke, bila ile mashine leo ningekuwa naandika mambo ya arobaini. Ila ina gharama yake kichwani na gharama hiyo hakuna aliyetuambia tulipokuwa tunasaini karatasi.

Na siyo kitu cha watu wachache. Kuna utafiti ulitoka 2021, wagonjwa wa korona 2,088 kwenye ICU 69 za nchi 14, zaidi ya nusu walichanganyikiwa. Waliokuwa kwenye dripu ya dawa za usingizi za jamii ya midazolam walikuwa kwenye hatari zaidi, na waliotembelewa na ndugu hatari ilikuwa ndogo, hata kama kutembelewa kwenyewe ni kwa simu ya video. Nilivyosoma hapo nililia. Na kabla ya korona, kule Nashville Marekani walifuatilia watu 821 waliopita ICU kwa magonjwa mbalimbali, matokeo yakatoka 2013, baada ya mwaka mzima mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na uwezo wa akili kama wa mwenye Alzheimer ya mwanzo, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na haikuwa wazee peke yao. Waliochanganyikiwa siku nyingi ndo walibaki na hali mbaya zaidi.

Mama mkubwa alirudi dukani mwezi wa kumi. Mteja kampa noti ya elfu kumi kwa kitu cha elfu saba, karudisha chenji, mteja hajaondoka karudisha chenji tena. Yule mama kwa uaminifu wake akamrudishia. Mama mkubwa akaangalia zile noti mkononi, akakaa kwenye kigoda, akajifunika khanga usoni, akasema nimekuwa mjinga mimi. Dada alinisimulia hayo na mpaka leo nikipita lile duka nayakumbuka.

Ndugu wengine walitaka mganga. Shehe alikuja akasoma dua, na kwa kweli dua ilimtuliza, alilala usiku ule. Lakini mganga tulikataa, maana tungepoteza hela na muda kutafuta mchawi wakati kinachomsumbua kinajulikana. Kilichosaidia ni vitu vidogo tu. Miwani yake, ambayo siku zote zile ilikuwa kabatini nyumbani na sisi tunashangaa haoni vizuri! Kuambiwa kila asubuhi leo Jumanne, tarehe fulani. Dirisha wazi mchana, giza usiku, kutembezwa hata hatua kumi. Na kauntabuku, saivi madeni anaandika. Hesabu zimerudi nyingi ila siyo zote, akichoka jioni zinamkimbia, na sisi tunajifanya hatujaona.

Nilisoma kwamba nchi za Skandinavia manesi na ndugu huwa wanamwandikia mgonjwa daftari la kila siku akiwa amelazwa, akiamka anasoma yaliyompita. Sisi daftari hatukuwa nalo, ila tulikuwa na grupu la WhatsApp la familia, na humo kila siku kaka alikuwa anarekodi voisi, mama ni sisi, leo siku ya sita, wamekugeuza kifudifudi upumue vizuri, duka limefunguliwa, usiogope. Wakati ule wageni hawaruhusiwi, nesi alikuwa anakuja na simu anaisogeza sikioni kwake anazicheza. Basi jioni moja tukazicheza zote kwa mpangilio, mama mkubwa kakaa mkekani, kimya. Ya siku ya tisa akasema rudisha. Tukarudisha mara tatu.

"Hiyo sauti nilikuwa naisikia," akasema. "Mi nilidhani mko ufukweni mnaniita."

Jirani yangu nimemwambia aanze kuandika leo leo, tarehe na kilichotokea, hata mistari miwili. Na kesho asubuhi akienda wodini ambebee baba yake miwani.